Betri Juu ya Kichanja

Jumanne, 11 Juni

Baridi. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne. Redio mbili, pasi moja, simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maziwa. Mwenye simu anaapa haikuanguka popote. Inanuka maziwa.

Saa tano mkuu wa shule ya ufundi ameingia na boksi. Kijana bado, lakini shikamoo yake ni ya mtu aliyelelewa. Tarehe 20 Julai shule inafanya jubilei na wanataka kuonyesha vitu vya zamani. Stoo wamekuta gari la mashindano la Bruda Ansgar, mwalimu wetu wa zamani, lile dogo la kuendeshwa kwa rimoti. Anataka litembee siku hiyo mbele ya wageni. "Fundi, wote wananiambia wewe ndiye mwanafunzi wa Bruda. Hakuna mwingine wa kumpa."

Nimesema sawa. Liko chini ya meza. Sijalifungua.

Jumatano, 12 Juni

Nimelifungua.

Urefu wake ni kutoka kiwiko changu mpaka ncha za vidole. Wekundu umepauka. Bawa la nyuma limekatika. Matairi yamekauka, ukiyabonyeza yanapasuka. Panya walizaa kwenye chumba cha mota. Upande wa kushoto plastiki imeyeyuka na kuganda tena, nyeusi.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike. Gari hili liliungua nikiwa na miaka kumi na sita, likateketeza rafu mbili za stoo ya shule. Aliyefukuzwa ni Aidani, mtunza stoo, rafiki yangu. Mnyasa wa Lipingo, kando ya ziwa, Mwanglikana pekee katika bweni la Wakatoliki wa milimani. Walisema aliacha betri kwenye chaji kwa uzembe. Aliyeiharibu betri ile ni mimi. Nikanyamaza, na nimenyamaza karibu miaka arobaini. Wengine siku zao ni arobaini. Mimi nimepewa miaka.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeosha fremu kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani. Kutu ya kijani kwenye nyaya nimeipaka limau. Gia moja imepoteza meno mawili, nyingine nzima. Difu, ile gia ya kugawa mzunguko kwa magurudumu, inazunguka. Skrubu zimefunguka zote bila ugomvi. Bruda alikuwa akizipaka grisi kabla ya kuzifunga, na sisi tulimcheka.

Betri ya zamani imekwama tumboni mwa gari. Nimefanya kazi kuizunguka mchana kutwa, kama mtu anayepita mbali na mbwa wa jirani.

Jumanne, 18 Juni

Nimeitoa. Ilinichukua bisibisi na nusu saa.

Ilikuwa hivi. Jumamosi mchana Aidani alikwenda kula, akaniachia ufunguo kwa sababu aliniamini. Nikalitoa gari, nikaliendesha nyuma ya stoo mpaka likagoma. Nikaogopa. Kesho yake Bruda angeliendesha baada ya Misa kama kila Jumapili, uwanja mzima ukitazama. Kwetu, betri za redio zikiisha, baba alizianika juu ya bati. Jioni zilipata nguvu ya kutosha taarifa ya habari. Kila nyumba ilifanya hivyo. Basi nikaichukua betri ya Bruda nikaiweka juu ya kichanja cha waya cha kuanikia kahawa cha shule, kitupu, jua la Oktoba, na jiwe juu yake isidondoke. Muda wa saa tatu nzima. Nilipoirudisha ilikuwa ya moto kama kiazi cha kuchoma, na ngozi yake ya plastiki imelainika. Nikafurahi. Nilidhani imeshiba jua.

Jioni jenereta ikawashwa. Aidani akaichomeka kwenye chaji ikiwa ndani ya gari, kama kila Jumamosi. Kabla ya alfajiri stoo ikawaka.

Betri za redio ni jamii nyingine kabisa. Ile ya Bruda ikipikwa juani inaharibika ndani, na ukiipa umeme inachemka. Hilo nilikuja kulijifunza baadaye, kwa Bruda mwenyewe. Maana nafasi ya stoo ilibaki wazi na nikapewa mimi. Mtunza stoo ndiye aliyefundishwa redio jioni. Duka hili, nyumba, ada za watoto, vyote vimetoka kwenye kiti cha Aidani.

Nimeiandika.

Jumapili, 23 Juni

Misa ya kwanza. Baadaye mke wangu, Mama Neema, amekaa uani anachambua kahawa. Betri nilikuwa nimeiacha dirishani. Ameichukua, akaigeuza, akaniuliza nani aliianika kwenye kichanja.

Kweli, sikuwahi kuutazama upande wa chini, ambao moto haukuufikia. Umejaa alama za waya, pembe sita pembe sita, zimezama kwenye plastiki. Nimesema sijui, labda ni mtindo wa kiwandani.

"Baba Neema, mimi nachambua kahawa tangu nina miaka sita. Huo ni waya wa kichanja."

Ameirudisha dirishani. Hakuuliza tena. Mwanamke huyu akinyamaza anasikika mpaka barabarani.

Alhamisi, 27 Juni

Mkuu wa shule amepita kuangalia maendeleo. Amefurahi sana. Ameniachia maandishi ya kuwekwa mezani pembeni ya gari, niyasahihishe. Mstari wa nne: "Liliungua kutokana na uzembe wa mwanafunzi aliyekuwa mtunza stoo." Jina halipo. Lakini darasa letu lote limealikwa, na wote wanalijua jina. Ametaka kujua kama kuna kosa.

Nimemwambia nitayasoma kwa utulivu.

Najichukia leo. Si sana, lakini wazi.

Jumatano, 3 Julai

Kazi nzuri. Mota nimeifungua na kuisafisha, kaboni zake za kupitisha umeme nimechonga kutoka kwenye kaboni za mashine ya kutoboa. Mahali pa gia mbovu nimeweka ya printa iliyokufa. Imekaa kama iliyozaliwa hapo. Matairi nimekata mpira wa ndani wa pikipiki na kuugundisha tabaka tatu. Betri mpya nimeunda kwa seli mbili za laptop.

Saa tisa nimegusisha nyaya. Mota imelia. Sauti ileile, nyembamba, ya nyuki mwenye haraka. Nimesimama katikati ya duka na machozi yananitoka, mteja akitazama. Nimemwambia ni moshi wa lehemu.

Jumamosi, 6 Julai

Sokoni. Nimenunua usipa, dagaa wa ziwani, kwa mama mmoja anayetoka Lipingo. Nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda, kama anamfahamu mzee Aidani. Nilikuwa na matumaini, Mungu anisamehe, kwamba ataniambia alishafariki.

Yupo. Anavua, analima muhogo, ana wajukuu. "Mtu mzuri yule, ila umeme anauogopa kama nyoka. Hata tochi hagusi. Betri anabadilisha mkewe."

Watu wa pembeni wamecheka. Na mimi nimecheka, nikaona ni uzee.

Jumatatu, 8 Julai

Sababu za kutokwenda Lipingo, nilizohesabu tangu asubuhi. Mbali. Kazi nyingi. Bruda alirudi kwao na akafia huko, hakuna wa kumwomba radhi. Aidani ana maisha yake. Nitamtonesha kidonda kilichopona. Na mimi ni mweka hazina wa kigango, vijana wa parokia nawafundisha ufundi kila Alhamisi, wananiita mwalimu.

Sababu ya mwisho ndiyo ya kweli. Hizo nyingine ni pumba.

Mama Neema nimemwambia yote wakati wa chakula. Hakushangaa. Ameniuliza sherehe ni lini, akahesabu kwa vidole, akasema Ijumaa basi la asubuhi lipo. Kisha akaniongezea maharage.

Alhamisi, 11 Julai

Limetembea. Nimelipeleka nyuma ya duka penye udongo mgumu. Limekwenda mbele, limerudi, spidi zote tatu zinaingia. Usukani bado. Nikipinda kulia linakwenda kushoto, mara nyingine halipindi kabisa. Ningeweza kumaliza kesho.

Kesho nasafiri. Nimelifunga kwenye boksi na rimoti yake, betri mpya, na ile ya zamani pia. Vijana nimewaambia hakuna darasa leo.

Ijumaa, 12 Julai. Lipingo

Basi mpaka Mbamba Bay. Kona za mteremko zimenitia kichefuchefu, na mimi mtu wa milimani. Gari jingine, halafu pikipiki. Joto. Koti langu la baridi ya kwetu Mbinga limenifanya kichekesho njia nzima.

Nimemkuta chini ya banda lake la makuti karibu na maji, anashona wavu. Kichwa cheupe. Kanitambua kabla sijasalimia. Kasimama, kanikumbatia na wavu mkononi, kamwita mkewe aje amwone Ditramu wa Mbinga, wa bweni moja. Afadhali asingefurahi hivyo.

Tumekula. Ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma. Wameuliza watoto mmoja mmoja. Mkewe alipoondoa vyombo nimefungua boksi.

Alipoliona gari aliinuka, akakaa mbali kidogo, mwisho wa mkeka. Nikamwambia haraka haraka, bila kupumzika: ufunguo, mbio za nyuma ya stoo, kichanja, jiwe, saa tatu. Nikampa betri ya zamani aone alama. Hakuipokea. Nikaiweka chini kati yetu, upande wa alama ukiwa juu.

Kaziinamia zile alama.

"Kwa hiyo si chaji yangu."

Nikasema si chaji yake.

"Bruda alisema ichajiwe kwa saa nne tu. Mimi siku ile nililala, ikakaa zaidi. Nikajua ni mimi." Akauliza tena kama si chaji yake. Nikamjibu tena. Mara ya tatu alijiuliza mwenyewe, kwa Kinyasa.

Nilikuja hapa nikidhani mtu huyu ameishi miaka yote akijua kaonewa. Nilijiandaa kwa hasira ya mtu aliyeonewa. Hakujua. Aliondoka shuleni akiamini mikono yake ndiyo imechoma stoo ya watu. Tangu siku ile hajashika waya. Alikuwa hodari kuliko mimi, darasa zima lilijua. Walipomfungia sola nyumbani alikwenda kukaa ziwani mpaka mafundi wakaondoka. Haya kanieleza taratibu, kama anamsimulia mtu wa mbali.

Halafu akasema neno nisilolitegemea. "Na wewe ulipokaa kimya siku ile mbele ya mkuu, nilisema Ditramu ananihurumia, hataki kuniongezea mzigo. Nilikushukuru."

Nimeomba msamaha, kwa sauti, kwa maneno ya kawaida. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Alichukua wavu wake akaenda kuuanika, akauanika vibaya, akaurudia.

Jumamosi, 13 Julai

Nimelala kwake. Mkewe alinitandikia vizuri. Asubuhi chai ya tangawizi na mihogo.

Boksi lilikuwa pale nilipoliacha, lakini gari lilikuwa nje ya boksi, juu ya mkeka. Aidani kakaa mbele yake, miguu imekunjwa, mikono mapajani. Hakuligusa nikiwepo.

Nilipoaga nikainama kulichukua. "Liache," akasema. Nikamweleza sherehe ni wiki ijayo, wageni, mkuu wa shule, na usukani bado haujakaa sawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Liache hapa, Ditramu."

Nimeliacha. Na bisibisi zangu tatu, mita ya kupimia umeme, na waya wa akiba. Njia nzima mikono ilikuwa mitupu na sikujua niiweke wapi.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda shuleni mwenyewe. Kijana yule amenisikiliza ofisini kwake, mlango umefungwa. Mwanzoni alidhani namtania. Kisha akauliza kama si afadhali yaishe kimyakimya, gari tuseme limeshindikana, maandishi tuyatoe. Ananionea haya kuliko ninavyojionea mwenyewe. Ni mtoto mzuri.

Nimesema hapana. Meza iwepo. Maandishi nitaandika mimi.

Jumanne, 16 Julai

Nimeandika mara saba. Ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili na Mtakatifu Petro ndani yake. Mama Neema kasoma, kasema inajitetea. Ya saba ni hii:

"Hapa lingekaa gari la Bruda Ansgar. Liko Lipingo kwa Aidani, aliyekuwa mtunza stoo. Aidani hakuliunguza. Betri niliianika juani juu ya kichanja mimi, Ditramu, bila yeye kujua, kisha nikanyamaza akafukuzwa."

Kasema hiyo sawa.

Jumamosi, 20 Julai

Jubilei. Misa ndefu, kwaya nzuri, hotuba za kutosha mwaka mzima.

Meza yangu ilikuwa ya tatu, kati ya cherehani ya zamani na randa za useremala. Kitambaa cheupe, karatasi, basi. Nilisimama pembeni yake tangu saa tano. Watu walikuja na tabasamu la kutazama gari, wakainama, wakasoma, wakainuka na uso mwingine. Wa darasa letu tulikuwa kumi na wawili. Mmoja alicheka, akaniambia sote tulianika betri bwana, acha hizo. Mmoja alisoma mara mbili, akaupitia mkono wangu hewani kama haupo. Huyo ndiye aliyekuwa akilala kitanda cha juu ya Aidani. Namwelewa. Wawili walitaka namba ya Aidani. Nimewapa ya mkewe.

Vijana wangu wa Alhamisi walikuja kwa kundi. Walisoma. Mmoja akaniuliza, kwa heshima, kama betri za sola nazo haziruhusiwi kuanikwa. Nikamweleza, nikajikuta nimefundisha dakika ishirini, pale pale mbele ya aibu yangu.

Padre alipita, akasoma, akanishika bega, akaendelea kwenye cherehani.

Aidani hakuja. Sikumtegemea, lakini nilitazama geti siku nzima. Aibu ilikuwa kubwa asubuhi, mchana ikawa ya kawaida, ilipofika saa tisa nilikuwa na njaa tu. Nimekula pilau sahani mbili.

Alhamisi, 25 Julai

Vijana walikuja watano badala ya tisa. Tumefungua feni.

Kuna mteja kahamishia redio yake kwa fundi wa stendi. Simlaumu. Huyo wa stendi ataimalizia mbali hiyo redio, lakini simlaumu.

Kutoka Lipingo, kimya. Nimemzuia Mama Neema asipige simu.

Jumanne, 30 Julai

Jua la kutosha leo. Kahawa imekauka vizuri.

Saa nane simu imeita, namba nisiyoijua. Kwanza upepo, kisha sauti ya Aidani. Hakunisalimu. Ameuliza waya wa njano wa mota ya usukani unaingia kulia au katikati.

Nimesema katikati.

"Na huu mweusi?"

Kulia, nimesema, na akague kama lehemu yangu haijaachia, maana niliifanya kwa haraka. Nimesikia akihema, na kitu kidogo cha chuma kikigusa kingine. Akasema kweli, imeachia. Akasema lehemu yenyewe mbaya. Akakata.

Nimekaa. Nimechukua pasi ya mtu, nikaifungua, nikaifunga bila kuitengeneza.

Saa tisa kasorobo amepiga tena. Linapinda kulia sasa, kushoto bado. Nimemuuliza anaona nini kwenye mkono wa usukani. Akaanza kunieleza.